Nilivyowavisha mbwa wa kartie yetu mikanda ya shaba

Wakuu, salamu kutoka Kolwezi, kusini mwa Kongo.

Mimi humu ni msomaji tu, huwa napita kimya. Leo naandika, tena polepole, kwa sababu shule niliishia ya msingi. Mnivumilie.

Ninachoahidi ni kimoja. Haya nimeyaona kwa macho yangu, na sehemu mbaya kuliko zote niliifanya kwa mikono yangu mwenyewe.

Watu wa huku wana Kiswahili chao. Maneno yao nimeyaacha kama walivyoyasema: "njo" ni ndiyo, "shindano" ni sindano, "juu ya nini" ni kwa nini, mengine mtaelewa tu.

Swali lenyewe ni hili: ukitaka kuwalinda mbwa wa watu, utunge sheria au uwafundishe watu? Nimelizungusha kichwani zaidi ya mwaka sasa.

Kartie yetu, yaani mtaa wetu, iko upande wa Kasulo, jina lake naliacha. Nyumba zimebanana, na katikati ya nyumba kuna mashimo ambayo watu walichimba wakitafuta kobalti. Mengine yamefunikwa kwa mabati, mengine yako wazi.

Kazi yangu ni kushona magunia. Wachimbaji wanabebea mawe ndani yake, yanapasuka, wananiletea. Nakaa mbele ya nyumba ya dada yangu, yaya Béa, na sindano ndefu na uzi wa nailoni.

Ni kazi nzuri kwa mtu asiyependa kuongea. Gunia halikuulizi kitu.

Nina mbwa mmoja, jike, wa rangi ya udongo. Anaitwa Tutaona.

Hapa nitoke njiani kidogo. Huku kwetu jina la mbwa mara nyingi ni jibu kwa jirani. Mtu akisengenywa hagombani. Anatafuta mbwa, anampa jina, halafu kila asubuhi anamwita kwa sauti aje kula. Wangu alipewa jina na yaya Béa, baada ya jirani mmoja kusema kwamba mimi sitafika popote.

"Tutaona! Kuya ukule!"

Mtaa mzima unasikia. Mbwa anakula, jirani anameza.

Turudi.

Mambo yalianza pale mtoto wa mtaa wa chini alipoumwa na mbwa asiye na mwenyewe. Mtoto alipelekwa hospitali, akachomwa sindano, akapona. Lakini hofu ya kichaa cha mbwa haikupona. Watu wakaanza kuweka sumu kwenye nyama na kuitupa njiani. Waliokufa hawakuwa mbwa wa kuzurura. Walikuwa mbwa wa nyumbani, mmoja bado mdogo kabisa, aliyekuwa akicheza na watoto.

Shefu wa kartie, yaani kiongozi wa mtaa wetu, akaitisha mkutano kwenye uwanja wa ofisi yake. Watu wawili walibishana mbele yetu. Mmoja ni shefu mwenyewe. Mwingine ni Dokta Ilunga, daktari wa mifugo, mzee mwembamba anayetembea kwa taxi-moto, yaani bodaboda, akiwa amepakata sanduku la barafu la chanjo kama mtoto.

"Batu ya huku mi nabajua," shefu akasema. "Ukibaambia muzuri, banacheka. Ukibaandikia sheria, banasikia. Kila imbwa avae koliye kwa shingo. Imbwa ya koliye iko na mwenyewe, hakuna mutu atamupa sumu. Imbwa bila koliye, tunamubeba, tunamuua."

"Shefu, koliye haikingi kichaa," Dokta akajibu. "Shindano njo inakinga. Unipe wiki tatu, nipite nyumba na nyumba. Batu baelewe kwanza juu ya nini."

"Baelewe! Dokta, weye ulisha kuona mutu wa huku anaelewa bila kuogopa kwanza?"

Mama mmoja akadakia kutoka nyuma. Ni Mama Kapinga, muuza makaa, mdomo wake unajulikana hadi sokoni Manika.

"Kuogopa? Shiye tunaogopa mashimo, shefu, na tunalala pembeni yake!"

Watu wakacheka sana. Shefu mwenyewe akacheka.

Mwisho wakakubaliana yote mawili. Sheria ya mikanda itaanza baada ya wiki tatu, na ndani ya wiki hizo Dokta atapita akifundisha na kuchanja.

Wakuu, sitawadanganya. Mimi nilirudi nyumbani na hamu kama ya mtu anayesubiri mechi. Nilitaka kuona nani atashinda, sheria au mafundisho. Sikujua kwamba mimi mwenyewe nitaingia uwanjani na kuharibu mchezo.

Mikanda ya mbwa ya kununua ilikuwa michache. Watu wakafunga vitambaa, mbwa wakavitafuna.

Mimi nilikuwa na waya wa shaba uliotoka kwenye mota ya pampu ya maji iliyoungua. Nikasuka nyuzi tatu kama wanavyosuka nywele, nikakunja ncha kwa koleo zisimchome, nikasugua kwa limau na majivu mpaka ukawaka. Nikamvisha Tutaona.

Wapita njia wakasimama.

"Eh! Tutaona anaolewa leo?"

Kesho yake mtu wa kwanza akaja na mbwa wake na waya wake. Halafu wa pili. Huku kwetu waya wa shaba haukosekani. Sikuhesabu, ila nadhani nilivisha mbwa kama thelathini.

Nilifurahi, niseme kweli. Kabla ya hapo watu waliniita "ule wa magunia". Wiki ile wakaanza kuniita kwa jina langu.

Sasa kuna jambo la huku ambalo lazima niwaeleze. Wazee wetu wengi wanavaa bangili ya shaba mkononi. Wanasema inavuta maumivu ya mifupa. Babu yangu alizikwa na yake. Huwezi kumwambia mtu wa huku kwamba shaba ni chuma tu. Imewalisha, na wanaamini inawaponya.

Siku Mama Kapinga alipomleta mbwa wake, ambaye anaitwa Angalia-Yako, alishika ule mkanda unaong'aa, akauchezea kwa vidole.

"Shaba kwa mukono inaponesha mifupa," akasema. "Kwa shingo itakinga kichaa, eh?"

Nikacheka.

Ndicho nilichofanya, wakuu. Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Mtu mwenye haya akiulizwa swali hucheka ili swali liondoke. Mama Kapinga akacheka pia, akaondoka na mbwa wake, na kicheko changu akakihesabu kuwa jibu.

Wengine nao wakauliza hivyohivyo. Nao nikawachekea.

Dokta Ilunga kwa siku zote hizo alikuwa akipita nyumba kwa nyumba. Anafundisha vizuri, hana haraka. Watu walimpa kiti, walimpa maji, walitikisa kichwa. Ilipofika siku ya chanjo ya mtaa wetu, akakaa kwenye baraza la kanisa dogo na sanduku lake la barafu.

Hadi saa sita mchana walikuwa wameletwa mbwa sita.

Tutaona alikuwa wa tatu. Alichomwa, akalia kidogo, nikapewa karte, kadi yake ya chanjo yenye muhuri, nikabaki pale nikitazama.

Dokta alikuwa haelewi. Aliuliza kila mtu na hakuna aliyemjibu sawasawa. Ndipo Mama Kapinga akapita na beseni la makaa kichwani, Angalia-Yako nyuma yake, shingo inameremeta.

"Mama, leta ule imbwa," Dokta akamwita.

"Ya kwangu ilisha kukingwa, Dokta."

"Nani alimukinga?"

Akanionyesha kwa midomo. "Si huyu mutoto wa magunia. Alimuvalisha shaba."

Dokta akacheka. Halafu akaacha.

"Na bengine banawaza vile?"

"Bote."

Mzee akanigeukia. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyepata mwisho wa uzi aliokuwa akiutafuta.

"Kijana, ni weye ulibaambia?"

"Hapana, Dokta."

Ilikuwa kweli. Sikumwambia mtu kitu chochote, na shida ilikuwa hapo.

"Basi ubaambie sasa. Mi bananisikia kama mugeni. Weye banakujua, koliye ni yako. Pita kila nyumba, useme tu: hii haikingi."

Nikasema sawa.

Sikupita. Nilikwenda hadi mlango wa kwanza, nikasikia watu wanaongea ndani, nikageuka. Nikajiambia kesho. Kesho nikajiambia kesho tena. Hebu fikirieni, ndiyo kwanza watu wamejua jina langu, halafu niende milango thelathini kuwaambia kwamba kazi yangu haina maana.

Nikiwa bado najiambia kesho, wizi ukaanza.

Ninyi mlio mbali pengine mlishaliona hili likija. Sisi hatukuliona, na tunaishi juu ya shaba! Shaba huku inauzwa kwa uzito, iwe ya nyaya, ya mota, au ya shingo ya mbwa. Mtu mmoja, au watu kadhaa, walipita na koleo na vipande vya makayabu, ule samaki wa chumvi. Mbwa wetu kwa makayabu wanauza hata mwenye nyumba.

Asubuhi ya kwanza shingo nne zilikuwa tupu. Ya pili, karibu mtaa wote wa juu. Tutaona alirudi kwangu akinuka samaki, mkanda hakuna, mkia unacheza kama aliyetoka harusini.

Kabla sijamsukia mwingine, Jumamosi ikafika, wiki tatu zikatimia.

Walikuja wanaume wanne wa shefu asubuhi, na mkokoteni na kamba. Ndani ya mkokoteni mbwa walikuwa wamefungwa na kupangwa kama magunia. Nikamwona Angalia-Yako chini ya wengine.

Kwa jirani yetu Tata Mukalay kuna mbwa mkubwa ambaye hulala ndani ya nyumba, ndiyo maana wezi hawakumpata. Alikuwa amekaa mlangoni na shaba yake shingoni. Hajawahi kuchomwa sindano hata moja. Wale wanaume walimpita. Mmoja akamshika kichwa, akamsifu.

Halafu wakamtupia kamba Tutaona.

Yaya Béa akatoka mbio na karte mkononi. "Huyu alipigwa shindano! Angalieni karte, iko na muhuri!"

Mkubwa wao, mnene, amevaa kofia ya mgodini, hakuitazama hata.

"Karte haiko kwa shingo, mama. Shiye tunaangalia shingo."

Wakampandisha. Mimi nilikuwa nimesimama na sindano mkononi. 

Nikafuata mkokoteni.

Uwanja wa shefu ulikuwa umejaa watu. Wanalia, wanatukana, watoto wanaita mbwa wao kwa majina. Ilisemekana saa sita mbwa wote watatolewa nje ya mji na kuuawa. Dokta Ilunga alikuwepo, anaongea na shefu kwa mikono miwili, shefu anatikisa kichwa.

"Imbwa yangu ilivaa koliye!" Mama Kapinga alikuwa anapiga kelele. "Bamwizi njo baliiba! Ni imbwa njo ilijiiba?"

"Mama, mi niko na sheria moja," shefu akajibu. "Koliye. Kama haiko, haiko."

Nikasema, "Shefu."

Hakuna aliyesikia. Yaya Béa alikuwa nyuma yangu, akanisukuma mgongoni.

"Sema! Kinywa ulikishona na uzi wa magunia?"

Nikasema tena, kwa sauti ambayo sikuijua.

"Shefu, zile koliye za shaba, ni mi nilizitengeneza."

Watu wakageuka. Nilitazama chini, kwa sababu nikitazama watu maneno yanapotea.

"Mi sikuambia mutu kama ni dawa. Lakini baliniuliza, nikacheka. Batu bakawaza ni dawa, bakaacha kuleta ma-imbwa kwa Dokta. Ile ya Tata Mukalay iko na koliye, haina shindano. Ya kwangu iko na shindano, haina koliye. Munabeba yenye haina ubaya, munaacha yenye inaweza kuleta kichaa."

Mtu mmoja akasema kwa mshangao, "Kumbe wa magunia anajua kusema!" Wengine wakacheka. Mama Kapinga hakucheka. Alinitazama.

"Ulicheka," akasema polepole. "Na mi nikakuamini."

Angenitukana ningepumua.

Nilikuwa nimeshaanza, nikaona nimalize. Nikamwomba shefu anipe hadi jioni. Nina magunia yaliyopasuka, yasiyo na kazi tena. Nitashona mikanda ya gunia. Gunia halina mwizi. Lakini sitamvisha mbwa yeyote mpaka Dokta awe amemchoma sindano. Mkanda uwe alama ya chanjo, usiwe mkanda mtupu.

Dokta alikuwa ameshafungua sanduku lake kabla sijamaliza.

Shefu akautazama mkokoteni. Kisha akasema, "Mupaka jioni. Imbwa yenye jua litashukia bila koliye, inapanda mukokoteni."

Wakaanza kuwafungua.

Tutaona akaruka chini. Wengine wakaruka. Angalia-Yako alikuwa chini kabisa, kamba ilikuwa imembana shingo tangu asubuhi, na jua lilikuwa kali. Walipomfungua hakuinuka, alikuwa ameshakufa. Mama Kapinga alimbeba mwenyewe, akaondoka, beseni lake akaliacha pale.

Nilishona tangu saa tano hadi jua kuzama. Foleni ilifika barabarani. Niliitazama foleni ile na kujiuliza: hawa ndio walewale waliompa Dokta kiti na maji na hawakuja. Leo wamekuja wote. Mkokoteni umesimama pale pembeni, wanauona.

Basi shefu ameshinda, nikawaza.

Lakini Dokta alikuwa na ujanja wake. Kila mtu alipofika alimuuliza sababu, "Juu ya nini ulileta imbwa?" Akijibiwa "juu ya mukokoteni", alianza kueleza upya: kichaa kinaingiaje, kwa nini sindano, kwa nini shaba haisaidii. Mimi nikaona anachofanya, nikaanza kushona polepole zaidi. Mkanda wa dakika mbili nikaushona dakika kumi. Mtu hawezi kuondoka bila mkanda, kwa hiyo anasikiliza. Wengine wakaanza kuuliza maswali. Tata Mukalay aliuliza mengi hadi watu wa nyuma wakamfokea.

Jioni ile hakuna mbwa aliyepandishwa mkokoteni.

Mama Kapinga hakusema nami kwa miezi mingi. Nilipopita, aligeuza makaa yake. Siku moja akaja mbele ya nyumba yetu, ndani ya beseni kuna mbwa mdogo mweusi.

"Unishonee koliye."

"Mama, shindano kwanza, koliye nyuma."

"Hii yako inakinga nini?"

Safari hii nilimtazama. "Haikingi kitu, Mama. Ni kipande ya gunia. Shindano njo inakinga."

"Rudilia."

Nikarudilia.

"Kwa nguvu. Ile siku nyingine sikusikia muzuri."

Nikasema kwa sauti, watu wanapita njiani, masikio yananiwaka. Akainua beseni, akaenda kwa Dokta. Baada ya saa moja akarudi na karte, nikamshonea.

Nilichojifunza, wakuu, ni kwamba kunyamaza nako kunafundisha watu, na mara nyingi kunawafundisha uongo. Sheria nayo huangalia kile kinachoonekana kwa mbali. Kama kinachoonekana sicho kinacholinda, watu watatimiza sheria na mbwa watakufa hivyohivyo.

Ila swali langu la mwanzo bado halijaisha, na ndilo ninalowaletea.

Chanjo hurudiwa kila mwaka. Mwaka huu shefu yule alihamishwa, mpya hajatangaza sheria yoyote, mkokoteni haukuja. Dokta Ilunga akaja na sanduku lake kwenye baraza lilelile, akakaa. Mimi nikakaa karibu na magunia yangu, nina hamu ya kuona nani atakuja kama hakuna wa kumtisha.

Walikuja karibu nusu ya wale wa foleni.

Niliokuwa nimewashonea polepole, wengi wao niliwaona. Sijui kama ni kwa ajili ya hilo, au ni watu wa kuja tu. Tata Mukalay alikuja, na akawaleta majirani wawili. Wale ambao hawakuja niliwapitia mlango kwa mlango, sasa naweza. Mmoja akanijibu bila aibu, "Mukokoteni ikuye kwanza."

Dokta anasema nusu ni nyingi sana, kwa sababu mwanzo walikuwa sita. Yaya Béa anasema nusu ni kidogo, kwa sababu kichaa kinahitaji mbwa mmoja tu.

Kwenu inakuwaje? Mbwa wanalindwa kwa sheria au kwa maneno, na nini kilifanya kazi kweli? Nitasoma yote. Kujibu nitachelewa, lakini nitajibu.

Na hiyo nusu, wakuu, ninyi mnaionaje?